Vidole, Masikio na Mashine: Historia ya Kusoma kwa Wasioona



Miezi michache iliyopita, katika mkutano wa kawaida wa chama chetu, lililetwa mbele yetu shauri lililoonekana kuwa dogo. Jirani na parokia yetu yupo msichana wa miaka 12 asiyeona tangu utotoni. Tulikuwa tumekusanya fedha kidogo kwa ajili ya masomo yake, na ilitupasa kuamua namna ya kuzitumia. Wenzetu wengine walisema: tumnunulie simu inayosoma kwa sauti, kwa maana siku hizi mashine yenyewe inasoma, na nukta nundu, yale maandishi ya vinundu yanayosomwa kwa vidole, ni jambo la zamani. Wengine wakajibu: hapana, afundishwe kwanza nukta nundu, kwa maana simu huvunjika na umeme hukatika. Tulibishana mpaka jua likatua, tukaahirisha.

Sisi ambao kwa miaka mingi tumefanya kazi ya kuwaandaa walimu tuliombwa kuleta maoni katika mkutano uliofuata. Tuliona haya, kwa kuwa tulijua kumfundisha mwalimu kijana kuandika ubaoni kwa hati safi, lakini jinsi wasioona walivyopata kusoma hatukuijua vema. Basi tulikwenda kuitafuta habari hiyo. Tunaileta hapa kwenu kwa sababu imelijibu swali letu, ingawa si kwa namna tuliyoitazamia.

Maandishi yaliyobuniwa kwa macho

Mwaka 1771, katika soko la sherehe la Saint-Ovide mjini Paris, watu walikusanyika kucheka. Kundi la wanamuziki wasioona lilikuwa limevalishwa mavazi ya kuchekesha na miwani mikubwa, na mbele yao yamewekwa makaratasi ya muziki ambayo hawakuweza kuyasoma. Mchezo ulikuwa ndio huo. Kijana mmoja katika umati, Valentin Haüy, mtaalamu wa lugha, hakucheka. Baadaye aliandika kwamba siku ile alijiwekea nia ya kuwafanya wasioona wasome kweli yale waliyolazimishwa kuyasoma kwa mzaha.

Miaka kadhaa ilipita. Haüy akamchukua kijana asiyeona aliyeitwa François Lesueur, aliyekuwa akiomba sadaka mlangoni mwa kanisa, akamfundisha kutambua herufi kwa vidole. Mwaka 1785 shule yake ilifunguliwa mjini Paris, nayo huhesabiwa kuwa ya kwanza duniani ya wasioona. Vitabu vyake vilichapwa kwa kukandamiza herufi kubwa juu ya karatasi iliyoloweshwa, hata umbo la herufi likainuka upande wa pili.

Tusimdharau Haüy. Kabla yake, mtoto asiyeona katika Ulaya alikuwa na njia mbili tu: awe tajiri mwenye mwalimu wake nyumbani, au awe mwombaji. Yeye alifungua njia ya tatu. Hata hivyo kazi yake ilikuwa na upungufu, na upungufu huo ndio mzizi wa habari yote inayofuata. Haüy alichukua herufi zilizobuniwa kwa ajili ya macho, akaziinua ili vidole vizifuate. Jicho hulitambua umbo la herufi mara moja. Kidole hulazimika kulizunguka kona kwa kona kabla ya kujua kama hii ni C au G au O. Kusoma kulikuwa polepole mno. Vitabu vilikuwa vizito na vichache. Na jambo lililo zito kuliko yote, mwanafunzi hakuweza kuandika chochote kwa mkono wake na kukisoma tena. Aliweza kupokea maneno ya wengine, lakini hakuweza kuyatunza ya kwake.

Mtoto wa fundi wa ngozi

Louis Braille alizaliwa tarehe 4 Januari 1809 katika kijiji cha Coupvray, mashariki ya Paris. Baba yake alikuwa fundi wa matandiko ya farasi. Alipokuwa na miaka 3, mtoto huyo alichezea chombo chenye ncha kali katika karakana ya baba yake, akajichoma jicho moja. Maambukizi yakahamia jicho la pili, akawa haoni kabisa. Wazazi wake hawakumficha ndani. Alisoma pamoja na watoto wa kijiji kwa kusikiliza, na mwaka 1819, akiwa na miaka 10, alipelekwa katika shule ile ya Paris.

Mwaka 1821 alifika shuleni hapo mtu aitwaye Charles Barbier, aliyewahi kuwa afisa wa jeshi, ambaye alikuwa amebuni aina mbalimbali za maandishi ya haraka. Mojawapo lilikuwa la nukta zilizoinuliwa kwenye karatasi. Hapo wanafunzi waligundua kitu ambacho wenye macho hawakukifikiria: kidole hukitambua kinundu upesi kuliko kinavyoutambua mstari. Zaidi ya hayo, kwa kibao na sindano butu, mtu asiyeona aliweza kuandika mwenyewe.

Lakini mfumo wa Barbier ulikuwa na matatizo mawili. La kwanza, alama moja iliweza kufika nukta 12, safu mbili za nukta 6 kwenda chini. Ncha ya kidole haiwezi kuifunika alama ndefu namna hiyo kwa mguso mmoja. Ililazimu kupapasa juu na chini. La pili lilikuwa zito zaidi: nukta za Barbier ziliandika sauti, si herufi. Neno liliandikwa jinsi linavyosikika. Hapakuwa na tahajia, wala vituo vya uandishi, wala tarakimu.

Sisi wa Kongo tunaweza kuliona tatizo hilo la pili vizuri kuliko wengi. Katika Kiswahili, anayelisikia neno huweza kuliandika. Katika Kifaransa sivyo. Maneno matatu yaweza kusikika sawa sawa na kuandikwa kwa njia tatu tofauti, na herufi nyingi za mwisho hazitamkwi kamwe. Mtoto aliyesoma kwa sauti tu angebaki nje ya lugha ya vitabu, ya barua na ya sheria ya nchi ile. Barbier aliona kwamba sauti inawatosha wasioona. Louis Braille, kijana wa shule, aliona kwamba haiwatoshi.

Kwa miaka mitatu alifanya kazi usiku na wakati wa likizo. Mwaka 1824, akiwa na miaka 15, alikuwa amelipata umbo la msingi: nukta 6 tu, safu mbili za nukta 3, kiasi ambacho ncha ya kidole hukifunika mara moja. Kutoka nukta hizo 6 hutoka alama 63. Mpangilio wake ni wa mwalimu hodari. Herufi 10 za kwanza hutumia nukta 4 za juu tu. Herufi 10 zinazofuata ni zile zile, zikiongezwa nukta moja ya chini upande wa kushoto. Zinazofuata tena huongezwa nukta zote mbili za chini. Kwa hiyo anayezijua 10 za kwanza amekwisha kulishika sehemu kubwa ya somo. Herufi hizo hizo, zikitanguliwa na alama maalumu, huwa tarakimu. Na kwa kanuni nyingine huwa noti za muziki. Kitabu cha kuueleza mfumo huo alikitoa mwaka 1829, naye hakusahau kukiri humo kwamba Barbier ndiye aliyempa wazo la kwanza.

Alibaki katika shule ile akiwa mwalimu, na katika makanisa ya Paris akiwa mpiga kinanda. Tena hakuishia hapo. Mwaka 1839 alitoa njia ya kuandika kwa nukta herufi za kawaida, ili asiyeona aweze kumwandikia barua mama yake au rafiki yake mwenye macho. Pierre Foucault, naye asiyeona, akaiundia njia hiyo mashine ya kuandikia katika miaka ya 1840, kabla mashine za chapa hazijaenea maofisini.

Vitabu vilivyochomwa

Twaweza kudhani kwamba shule ilifurahi. Haikuwa hivyo. Mwaka 1840 uongozi ulishikwa na Pierre-Armand Dufau, naye hakuzitaka nukta. Sababu yake haikuwa ya kijinga, nasi tuliokaa katika ofisi za shule tunaitambua mara moja: alisema kwamba maandishi ambayo walimu wenye macho hawawezi kuyasoma yatawatenga wasioona na watu wengine. Akaleta herufi za kuinuliwa za aina nyingine kutoka ng'ambo. Vitabu vya zamani vya shule vilichomwa moto, na vibao na sindano za wanafunzi zikanyang'anywa.

Wanafunzi hawakuacha. Waliendelea kufundishana nukta kwa siri, mkubwa kwa mdogo. Msaidizi wa mkurugenzi, Joseph Guadet, aliyaona hayo, akamshawishi mkubwa wake kwamba heshima ya shule ingeongezeka kama ingekubali kitu kilichozaliwa ndani yake. Mwaka 1844, katika uzinduzi wa jengo jipya, nukta zilionyeshwa hadharani. Mtoto mmoja aliandika maneno aliyosomewa, na mwingine ambaye hakuwapo wakati wa kuandika akaja, akayasoma kwa vidole. Dufau mwenyewe alikuwa amebadili nia, na tumpe sifa yake kwa hilo.

Louis Braille alifariki kwa kifua kikuu tarehe 6 Januari 1852. Miaka miwili baadaye Ufaransa iliukubali mfumo wake rasmi. Mwaka 1878 mkutano wa kimataifa mjini Paris uliuchagua kwa shule za Ulaya. Marekani ilichelewa: huko ilibuniwa mifumo mingine ya nukta, ikashindana kwa miaka mingi, hata mtu asiyeona alilazimika kujifunza alfabeti mbili tatu ili asome vitabu vya shule tofauti. Umoja katika lugha ya Kiingereza ulipatikana mwaka 1932 tu. Na mwanzoni mwa miaka ya 1950 UNESCO ilisimamia kazi ya kuzioanisha nukta za lugha mbalimbali za dunia. Kwa kuwa Kiswahili chetu huandikwa kwa herufi za Kilatini, nukta za kijana wa Coupvray zinakiandika pasipo shida.

Mashine zinazosema

Wakati wa nukta haukuwa mwisho. Vitabu vya nukta nundu ni vikubwa. Kitabu kimoja cha kawaida huweza kuwa majuzuu kadhaa, na vilivyochapwa daima ni sehemu ndogo sana ya vyote vilivyopo. Tena wapo wengi waliopoteza macho ukubwani, ambao vidole vyao hujifunza kwa shida. Ndiyo maana karne ya 20 iligeukia masikio.

Karibu mwaka 1913, huko Birmingham, mwanafizikia Edmund Fournier d'Albe aliunda mashine iliyoitwa optofoni. Ilimulika ukurasa wa kitabu cha kawaida na kuligeuza umbo la kila herufi kuwa mlio wake. Msomaji alisikiliza milio kama wimbo na kuibashiri herufi. Aliyeifanya ionekane kuwa na maana ni mwanamke asiyeona, Mary Jameson, aliyejizoeza kwa bidii hata akafika kiasi cha maneno 60 kwa dakika. Wengine wachache sana waliweza. Mashine ilikuwa ya ajabu, lakini mzigo wote wa kazi ulibaki juu ya msomaji.

Katika miaka ya 1930 Marekani na Uingereza zilianza kutoa vitabu vya kusikiliza katika sahani za santuri. Nchini Uingereza msukumo ulitoka kwa askari waliopofushwa katika vita kuu ya kwanza. Sahani hizo zilizunguka polepole ili zibebe maneno mengi, nazo zilitangulia kwa zaidi ya miaka 10 zile sahani ndefu za muziki ambazo dunia nzima ilizijua baadaye. Mara nyingi tunafikiri kwamba wasioona hupewa mabaki ya ufundi wa wengine. Hapa wao ndio waliotangulia.

Tarehe 13 Januari 1976, Mmarekani Ray Kurzweil alionyesha mashine iliyokamata picha ya ukurasa, ikazitambua herufi za chapa yoyote, kisha ikazisoma kwa sauti. Ilijaa meza nzima, na bei yake ilikuwa ya taasisi, si ya mtu. Lakini kuna jambo ambalo halipaswi kupita bila kutajwa: chama cha kitaifa cha wasioona cha nchi ile kilishiriki katika kuijaribu na kuirekebisha mashine hiyo kabla haijauzwa. Vile vile kifaa cha kuchanganulia karatasi, ambacho leo kimo katika kila duka la fotokopi mijini kwetu, kina deni kwa kazi ile.

Kompyuta zilipoenea, wasioona wenyewe walishika usukani. Ted Henter, aliyepoteza macho katika ajali ya gari mwaka 1978, alitoa mwaka 1989 programu ya kusoma skrini iitwayo JAWS. Chieko Asakawa wa Japani, asiyeona tangu miaka 14, alitoa mwaka 1997 programu ya kusoma kurasa za intaneti kwa sauti. Mwaka 2006 vijana wawili wa Australia wasioona, Michael Curran na James Teh, walichoshwa na bei za programu hizo. Wakaanzisha NVDA, ambayo hutolewa bure, na ambayo mtu yeyote duniani aweza kuitafsiri katika lugha yake. Sauti inayotumika nayo, iitwayo eSpeak, hutamka pia Kiswahili. Ni sauti kavu ya kichuma, lakini inaeleweka.

Mwaka 2009 simu ziliingia katika habari hii. Programu za kusoma skrini zilianza kuwekwa ndani ya simu kutoka kiwandani, bila malipo ya ziada. Kati ya walioongoza kazi hiyo kwa upande wa simu za Android alikuwa T. V. Raman, mhandisi asiyeona aliyezaliwa India. Mwaka 2015 Hans Jørgen Wiberg, fundi wa Denmark mwenye uoni hafifu, alianzisha Be My Eyes: asiyeona hupiga simu ya video, na mtu wa kujitolea popote alipo humsomea kibandiko cha dawa au humwambia rangi ya shati. Mwaka 2017 mhandisi asiyeona, Saqib Shaikh, aliongoza utengenezaji wa Seeing AI, programu inayosoma karatasi, kutambua noti za fedha na kueleza picha. Tangu 2023, akili bandia huweza kuelezea kwa maneno karibu kila kinachowekwa mbele ya kamera ya simu, na kujibu maswali juu yake, ingawa hukosea pia, na husema makosa yake kwa sauti ile ile ya uhakika.

Jicho lililoachwa bila fundi

Si kila mashine ilikuwa baraka. Katika muongo uliopita kilitokea kifaa kilichoitwa Argus II, kilichoidhinishwa Ulaya mwaka 2011 na Marekani mwaka 2013. Vielektrodi 60 vilipandikizwa ndani ya jicho, kamera ndogo ikawekwa kwenye miwani, na mtu aliyekuwa gizani kwa miaka akaona vimulimuli vya mwanga: umbo la mlango, mstari wa barabara. Zaidi ya watu 350 duniani walipandikizwa. Kisha kampuni ikaona kwamba biashara hailipi. Mwaka 2019 iliacha kukitengeneza, na mwaka uliofuata ilikaribia kufilisika. Watu walibaki na vyuma machoni mwao pasipo vipuri, pasipo fundi, na wengine pasipo hata wa kuwajibu simu.

Tuliposoma habari hiyo tulikumbuka pampu za visima tulizowahi kuziona vijijini, zilizozinduliwa kwa hotuba na kufa kwa kukosa kipande kimoja cha mpira. Kifaa kisichoweza kutengenezwa mahali kilipo ni mkopo tu, na mwenyewe aweza kuudai wakati wowote.

Kwetu hapa

Sisi Wakongo hatuitazami habari hii kwa mbali. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 daktari wa macho Mbelgiji, Jean Hissette, alieleza kwamba katika vijiji vya bonde la Sankuru upofu mwingi ulisababishwa na minyoo inayoenezwa na inzi wadogo weusi wa mitoni. Ugonjwa huo, usubi, bado unatushughulisha katika majimbo mengi. Tangu 1987 dawa ya Mectizan hutolewa bure na mtengenezaji wake, na wengi wetu tumeshiriki kuigawa vijijini kwa kupima urefu wa watu kwa fimbo. Dawa hiyo huzuia. Haimrudishii macho aliyekwisha kuyapoteza. Shirika la Afya Duniani liliandika mwaka 2019 kwamba watu wasiopungua bilioni 2.2 wana tatizo la kuona, na kwamba kwa angalau bilioni 1 kati yao tatizo hilo lingeweza kuzuiwa, au bado halijapata matibabu. Kwa hiyo kabla ya mashine yoyote, miwani, upasuaji wa mtoto wa jicho na dawa ndizo deni la kwanza.

Lakini kwa asiyeona leo, swali letu la mkutano linabaki. Tulipoipanga historia yote mezani, tuliona kwamba kila kilichodumu kilipitia mikononi mwa wasioona wenyewe: nukta za Braille, mashine ya Foucault, programu za Henter, Asakawa, Curran na Teh. Na kila kilichoshindwa au kuchelewa kilikuwa na mwenye macho aliyeamua peke yake. Hapo tulishtuka, kwa sababu tulitambua kosa letu. Katika mabishano yale yote ya alasiri nzima, hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amemwuliza binti mwenyewe.

Sisi tulioisoma Injili kwa miaka mingi tulipaswa kulijua jambo hilo. Bartimayo alipopaza sauti kando ya njia ya Yeriko, upofu wake ulionekana na kila mtu. Hata hivyo Yezu alianza kwa kumwuliza anataka atendewe nini. Watu wengi walikuwa wamemwambia anyamaze.

Basi tulikwenda kwake, tukiwa watatu, tukaketi na mama yake barazani. Tukamwuliza. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba darasani hufuata vizuri kwa kusikiliza, ila wakati wa imla ya Kifaransa huambiwa apumzike. Akasema, "Maneno nayajua, wazee wangu. Sijui yanaandikwaje."

Hatukuwa na la kuongeza. Alikuwa ametueleza kwa sentensi mbili kile ambacho Louis Braille aliona mbele ya nukta za Barbier miaka 200 iliyopita. Simu peke yake ingempa sauti, na sauti anayo tayari. Anachokosa ni herufi.

Kisha tuliiomba simu ya mama yake, simu janja ya kawaida yenye kioo kilichopasuka pembeni. Kijana wetu mmoja akaingia katika mipangilio, akaiwasha programu ya kusoma skrini. Ilikuwamo ndani tangu siku iliponunuliwa, hakuna aliyejua. Ikaanza kusoma ujumbe wa Kiswahili kwa matamshi ya Kifaransa, na binti akacheka mpaka akashika tumbo. Ilibidi kuitafutia sauti inayojua Kiswahili.

Katika mkutano uliofuata tulitoa maoni yetu: fedha ziende kwenye kibao, sindano, karatasi nene na safari za kumfikia mwalimu wa nukta nundu, simu ya nyumbani iendelee kutumika kwa yale inayoyaweza, kama kusoma ujumbe na kumsomea vitabu. Wenzetu walikubali. Hatusemi kwamba mambo yamekwisha. Mwalimu huyo yuko mbali, karatasi nene ni ghali, na mwalimu wa darasa la binti hajui hata nukta moja. Hilo la mwisho ni letu sisi tuliofundisha walimu. Kwa miaka yote hiyo tuliwatuma vijana darasani wakijua kutumia chaki, wala hatukuwahi kuwafundisha, hata kwa saa moja, namna mtoto asiyeona anavyosoma. Alfabeti nzima hujifunzwa na mwenye macho kwa siku chache. Tumeanza kuijifunza sisi wenyewe, tukiwa na mvi, na binti ndiye atakayetusahihisha.

Maswali ya kutafakari katika vikundi

1. Katika mtaa wetu, ni nani asiyeona au aonaye kwa shida? Je, tumewahi kumwuliza anachohitaji, au tumeamua kwa niaba yake?

2. Kifaa tunachotaka kukitoa kikiharibika, nani atakitengeneza, na wapi?

3. Je, simu zilizomo nyumbani mwetu tayari zina programu ya kusoma skrini? Nani katika kikundi aweza kuwaonyesha wengine namna ya kuiwasha, na kuitafutia sauti ya Kiswahili?

4. Walimu waliomo kati yetu: mtoto asiyeona akiletwa kesho darasani mwetu, atafanya nini wakati wa imla?